UZI: Homa ya ini C inapona kwa vidonge. Usiishie kwenye kipimo cha kwanza

Mpimaji wa Arua (mleta uzi)

Wakuu, nawasalimu kutoka Arua, kaskazini mwa Uganda. Uzi ni mrefu, kwa hiyo mwenye haraka achukue hili moja aende nalo: homa ya ini aina C inapona. Unameza vidonge kila siku, kwa wagonjwa wengi ni wiki 12, kirusi kinaisha mwilini na dawa unaacha. Zaidi ya watu 95 kati ya 100 wanaomaliza dozi wanapona.

Nafanya kazi maabara. Kinachonisukuma kuandika ni watu ninaowaona wakipokea karatasi yenye majibu chanya, wanaikunja, wanaitia mfukoni, na hatuwaoni tena. Wengine huenda moja kwa moja kwa mganga wa mitishamba. Wengine huanza kugawa mashamba. Na kumbe kipimo kile cha kwanza hakijawaambia hata kama wanaumwa. Nitalifafanua hapo chini maana ndilo hasa lililonileta.

Kwanza tutenganishe B na C. Sisi wa kaskazini tunaijua B vizuri. Kampeni ya kuchanja watu wazima ilianzia huku mwaka 2015, redio zilitangaza, foleni zikapangwa chini ya miembe. Utafiti mkubwa wa afya uliofanyika nchini 2016 na 2017 ulikuta kama watu 4 kati ya kila watu wazima 100 wana B, na huku kwetu hali ikiwa mbaya kuliko sehemu nyingi. Ndiyo maana ukimtajia mtu homa ya ini anakujibu, "Mimi nilishachanja." Umechanja B. Virusi vya C ni vingine kabisa, na hadi leo C haina chanjo. Kadi yako ya chanjo haisemi lolote kuhusu C.

Kirusi hiki kina subira. Wengi hawasikii chochote kwa miaka mingi. Anayekipata, mwili wake unaweza kukifukuza wenyewe katika miezi sita ya kwanza. Hiyo hutokea kwa kama mtu mmoja kati ya wanne. Waliobaki, kirusi kinakaa. Kinakula ini polepole, miaka 20, miaka 30, ini linajaa makovu na kusinyaa, na wengine wanapata saratani ya ini. Mtu anaanza kutafuta hospitali tumbo likiwa limejaa maji au anatapika damu. Huku kwetu kuna jambo linalotuchanganya zaidi: sisi wa kando ya Nile na Ziwa Albert tuna kichocho, nacho huharibu ini, huvimbisha tumbo na kutapisha damu. Kwa hiyo mzee akifika katika hali hiyo mmoja atasema kichocho, mwingine pombe kali ya waragi, mwingine karogwa, na hakuna aliyempima C.

Njia yake ni damu kwa damu. Sindano iliyotumika kwa zaidi ya mtu mmoja. Wembe wa chale unaozunguka kutoka ngozi hadi ngozi. Vifaa vya kutoboa masikio na kuchora mwili visivyochemshwa inavyotakiwa. Damu uliyoongezewa zamani, kabla damu haijaanza kupimwa C. Vijana wanaojidunga dawa za kulevya na kuazimana sindano wako hatarini kuliko wote, nao wasifukuzwe. Hospitali ya Butabika, Kampala, kuna kliniki ya methadoni, dawa ya kuwasaidia kuachana na sindano. Kwa tendo la ndoa C huambukiza mara chache kuliko B au HIV, ila hatari ipo, hasa kukiwa na vidonda au damu. Na tuelewane: haiambukizi kwa kula sahani moja, kupeana mkono, kukohoa, kunywea pombe ya malwa kwenye mrija mmoja, wala kulala kitanda kimoja.

Sasa vipimo. Kipimo cha haraka, kile cha tone la damu na mistari miwili, kinatafuta kingamwili, yaani alama ambazo mwili huacha baada ya kupambana na kirusi. Alama hizo hukaa maisha yote. Mtu ambaye mwili wake ulikifukuza kirusi mwaka 1998 atasoma chanya leo. Aliyetibiwa akapona atasoma chanya mpaka anazikwa. Kwa hiyo chanya ya kipimo hicho kwa kawaida ina maana moja tu: mwili wako uliwahi kukutana na C. Kama kirusi bado kimo, hujui mpaka upimwe kirusi chenyewe, kipimo cha PCR au wanachokiita kupima wingi wa virusi. Mashine za GeneXpert ambazo mnazijua kwa TB zinaweza kufanya kazi hii zikiwekewa katriji yake. Kwa hiyo ukipewa chanya, usiondoke dirishani kabla hujauliza: "Kipimo cha kirusi chenyewe nakipata wapi?" Kama mhudumu hajui, mwombe barua ya rufaa kwenda hospitali ya rufaa ya mkoa, Arua, Gulu, Lira, Mbale, Mbarara, Fort Portal, popote ulipo karibu, au hospitali ya taifa ya Mulago, Kampala.

PCR ikisoma hasi, hongera, huna C. Ikisoma chanya, unapimwa hali ya ini, unapimwa na B pia, halafu unaanza dawa.

Dawa. Wakubwa kati yetu wamesikia habari za sindano za interferoni: karibu mwaka mzima, homa, nywele kukatika, moyo kujaa huzuni, na mwisho wake kama nusu tu ndio walipona. Enzi hiyo imepita. Mwishoni mwa 2013 ilipitishwa Marekani dawa ya sofosbuviri, dola 84,000 kwa dozi ya wiki 12, dola 1,000 kila kidonge. Sasa viwanda vya India vinatengeneza sofosbuviri na daklatasviri, dawa inayomezwa pamoja nayo, kwa leseni, na mwaka 2023 ilitangazwa bei ya kama dola 60 kwa dozi nzima kwa serikali na mashirika yanayonunua kwa wingi. Bei hiyo si lazima uikute kwenye duka la dawa mtaani kwako, ndiyo maana nasema ulizia hospitali ya rufaa kabla hujatoa hata shilingi.

Naomba kuwasilisha. Maswali yaje, nitajibu kadiri ninavyojua.

Mama Bwera

Asante kaka kwa uzi. Nafanya biashara ya samaki wakavu hapa mpakani Mpondwe. Mume wangu alichangia damu shuleni kwa mtoto wetu, baadaye akapigiwa simu aende. Wakamwambia ana homa ya ini C, asichangie tena, atafute matibabu. Toka siku hiyo mama mkwe amemtengea sahani na kikombe, na mimi naambiwa nisilale naye. Mume amenyamaza tu, hata sokoni hataki kwenda. Nifanye nini kwanza?

Mpimaji wa Arua

Pole sana dada. Sahani rudisha leo. Mle pamoja, tena mbele ya mama mkwe, aone kwamba huogopi. Mweleze kwa heshima kwamba kirusi hiki hakipiti kwenye mate wala chakula. Kitanda ni chenu, laleni.

Vitu vya kutenganisha ni vile vinavyogusa damu: wembe wa ndevu, mswaki, kikata kucha. Akijikata, kidonda kifunikwe, damu iliyomwagika ifutwe kwa jiki, sehemu moja ya jiki kwa tisa za maji, na anayefuta avae glovu au mfuko wa nailoni mikononi.

Halafu ujue kwamba benki zetu za damu, Nakasero na matawi yake, hupima kila chupa HIV, B, C na kaswende. Wanafanya hivyo kumlinda atakayeongezewa. Wakiona alama tu, damu ile wanaiweka kando. Kwa hiyo mume wako bado yuko kwenye hatua ile ya kwanza. Aende hospitali ya rufaa Fort Portal, aulizie PCR. Hakuna haja ya kufunga kula kwa kipimo hicho. Wewe na watoto mpimwe pia, kipimo cha haraka kinatosha kuanzia.

Na huko kunyamaza kwake, dada, usikuache hivihivi. Msindikize mwenyewe siku ya kipimo.

Afande Mstaafu

Nimetumikia miaka mingi, sasa niko Bombo. Naongeza moja tu. Mwenzangu kikosini aliambiwa ana C. Aliuza ng'ombe wake akanywa dawa za miti za kila rangi, moja ya Masaka, moja iliyotoka Kongo, nyingine unga tu usio na jina. Kila mganga alimwambia ini limeshasafika. Amekufa tumbo likiwa kama la mjamzito. Vijana, mganga akikwambia amekuponya C, mwambie akupeleke PCR. Aliyepona, kipimo kitasema.

Mpimaji wa Arua

Afande, hapo umemaliza. Kuna miti na unga wenyewe unaoliumiza ini, na ini lenye C halina nguvu ya ziada ya kupambana. Nami naongeza waragi. Mwenye kirusi anayekunywa kila siku anafika kwenye makovu mapema kuliko asiyekunywa. Pia karanga na mahindi yaliyoota ukungu, yana sumu inayosababisha saratani ya ini. Mkausheni mazao vizuri, yaliyoota ukungu yasipikwe wala kusagwa pamoja na mengine.

Kijana wa Kisenyi

Mleta uzi una nia njema lakini nikuulize. Kituo cha afya cha hapa mtaani wakati mwingine hakina hata panadoli. Unataka watu wapimwe C halafu waambiwe PCR ni mbali na dawa hakuna? Kumpa mtu habari mbaya bila dawa ni kumtesa. Bora asijue.

Mpimaji wa Arua

Mdogo wangu, swali lako ni zito na wengi wanalo. Hapa nitaandika kwa kirefu.

Hata kabla ya dawa, anayejua anaweza kuacha pombe, kuwalinda wa nyumbani kwake na kuacha kuuziwa unga wa elfu hamsini. Asiyejua hana hata hayo. Lakini sitaki tuishie hapo, maana ukosefu wa dawa wenyewe unalishwa na ukosefu wa kupima. Wizara haiwezi kupanga bajeti ya wagonjwa isiowaona. Na wauzaji hushusha bei kwa anayenunua dozi elfu nyingi, si kwa anayenunua kumi.

Tazama Misri. Miaka ya nyuma, kuanzia 1950 hivi hadi 1980 hivi, watu wa vijijini walitibiwa kichocho kwa sindano, na sindano zilitumika tena na tena bila kuchemshwa vizuri. Nchi ikajaa C, ikafika kama mtu mzima mmoja kati ya kumi. (Nawaomba huku ziwani msiogope dawa ya kichocho tunayopewa sasa. Hii ni vidonge, haina sindano, mezeni.) Kisha serikali yao ikaamua. Kuanzia Oktoba 2018 hadi Aprili 2019 walipima karibu watu milioni 50 na waliokutwa na kirusi wakatibiwa bure. Dawa zilitengenezwa nchini mwao kwa bei ndogo. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliitambua Misri kwa hatua ilizopiga kuitokomeza C, na maambukizi yameshuka chini ya mtu mmoja kwa mia.

Utasema Misri ni tajiri. Haya, Rwanda, hapo tu ng'ambo ya Katuna. Desemba 2018 walizindua mpango wa miaka mitano, wakilenga kupima watu zaidi ya milioni 4 na kutibu zaidi ya laki moja. Walianza na wazee kwa sababu ndio waliokutwa nayo zaidi, wakabishana na wauzaji mpaka bei ikashuka. Mfuko wao haujatuzidi sisi.

Duniani kuna watu kama milioni 50 wenye C, na takwimu za mwaka 2022 zinaonyesha ni kama 36 tu kati ya 100 waliowahi kuambiwa wanayo. Mwaka huo C iliua zaidi ya watu laki mbili, nao walikufa dawa ikiwa imeshapatikana. Hilo ndilo linaloniuma. Kwa hiyo panadoli ikikosekana tumbane diwani na mbunge, na C iwe kwenye orodha ya madai. Kusema bora mtu asijue, hapana, siwezi kukubali.

Kijana wa Kisenyi

Sawa mkuu, nimekuelewa. Hiyo ya sindano za kichocho sikuwahi kuisikia.

Umukino wa Mbale

Huku kwetu imbalu, yaani tohara ya kimila ya vijana, hufanyika miaka inayogawanyika kwa mbili, 2022, 2024, 2026. Kisu kimoja kikipita kwa vijana watano tunajua kitakachofuata. Watu wa afya wanahimiza kila kijana na kisu chake, na wakataji wengi wamekubali, lakini kijijini usiku, ngoma ikiwaka, nani anahesabu visu? Mimi napendekeza baba wa kijana anunue kisu mwenyewe na akishike mkononi mpaka dakika ile.

Mpimaji wa Arua

Pendekezo zuri sana, ndugu yangu, tena halivunji mila hata kidogo. Kupangusa kisu kwa kitambaa au kukichovya kwenye maji hakutoshi. Kirusi cha C kinaweza kukaa hai nje ya mwili kwa wiki kadhaa, hata damu ikishakauka usiione. Hilohilo nawaambia wenye saluni: mashine ya kunyolea inayokwaruza mpaka damu itoke isipite kwa mteja mwingine kwa kupulizwa spiriti mara moja. Na kliniki ukichomwa sindano, dai ifunguliwe kutoka kwenye pakiti mbele ya macho yako. Si utovu wa adabu, ni haki yako.

Tena kuhusu sindano, tuna tabia ya kudhani kidonge hakifanyi kazi kama sindano. Mtu ana mafua anataka achomwe. Kila sindano isiyo ya lazima ni mlango tunaoufungua bure.

Mama Furaha, Nakivale

Jambo kwenu wote. Mimi mkimbizi kutoka Kivu ya Kusini. Niko na mimba ya miezi sita, walinipima wakaona C, na ile kipimo ya pili pia ikasema iko. Mtoto atapata? Na nikishazaa nimnyonyeshe ama niache?

Mpimaji wa Arua

Jambo mama. Usiogope kupita kiasi: kati ya akina mama 100 wenye kirusi, ni kama watoto 5 au 6 tu wanaozaliwa nacho. Hatari huongezeka kama mama ana HIV, kwa hiyo hakikisha umepimwa hiyo nayo na kama ipo uko kwenye dawa.

Nyonyesha. Maziwa hayaambukizi C. Chuchu zikipasuka zikatoa damu, simamisha upande huo mpaka upone, maziwa ya upande huo kamua umwage, endelea na mwingine.

Matibabu yako kwa kawaida yatasubiri mpaka umejifungua na kumaliza kunyonyesha, hilo utazungumza na daktari. Mtoto usikubali apimwe kwa kipimo cha haraka kabla hajatimiza miezi 18, kwa sababu atakuwa bado na kingamwili ulizompa wewe tumboni na atasoma chanya bure. Akikutwa nacho kweli, dawa za watoto zipo kuanzia miaka 3. Kujifungulia fanya kituoni, na mkunga aambiwe mapema.

Mama Furaha, Nakivale

Aksanti sana baba. Mungu akubariki.

Mama Bwera

Kaka nimerudi. PCR imesoma chanya, lakini daktari amesema ini bado ni zuri. Ameandikiwa dawa miezi mitatu. Mume anauliza akimaliza atajuaje amepona, maana mwenye duka la dawa amemwambia atapimwa kile cha haraka.

Mpimaji wa Arua

Dada, hapana. Kile cha haraka kitasema chanya tena na mtarudi kulia bure. Akimaliza kidonge cha mwisho, mhesabu wiki 12 nyingine, ndipo arudie PCR. Ikisoma hasi hapo, amepona, na karatasi hiyo itunzwe kama hati ya kiwanja. Siku akiomba kazi au safari ya nje wakampima kwa kipimo cha haraka, ndiyo itakayomtetea. Kuchangia damu lakini basi, hata akishapona.

Asiruke kidonge hata siku moja. Na ajue kwamba kupona hakumpi kinga. Akidungwa sindano chafu mwakani anaweza kuipata upya.

Kama daktari hajampima B kabla ya kuanza, rudini mkaulize kesho. Mwenye B na C pamoja, C ikiondolewa B inaweza kuamka kwa nguvu, na kwa nchi yenye B kama yetu hilo si la kupuuza.

Boda wa Lira

Mkuu mimi niko kwenye dawa za TB mwezi wa pili, na za HIV miaka kadhaa. Juzi wamenikuta na C, PCR chanya. Naweza kuunganisha zote nimalize mara moja?

Mpimaji wa Arua

Usiunganishe kabla ya kuongea na daktari, ndugu yangu. Dawa za TB zina rifampisini, nayo huifanya sofosbuviri na daklatasviri iishe nguvu mwilini kabla haijafanya kazi. Utameza wiki 12 na kirusi kitabaki. Kawaida unamaliza TB kwanza, ndipo C inafuata. C ilivyo ya polepole, miezi hiyo haitakuharibia kitu kikubwa, TB ndiyo haina subira.

Za HIV, inategemea unameza ipi. Ukiwa kwenye dolutegraviri, kama wengi wetu nchini sasa, kwa kawaida hakuna tatizo. Ukiwa kwenye efavirenzi, kiasi cha daklatasviri unachomeza kinabadilishwa. Kwa hiyo siku ya kliniki beba makopo yote ya dawa unazomeza, na za miti kama zipo, uyaweke mezani kwa daktari kabla hajaandika chochote. Na waambie pale TB tarehe unayomaliza, waiandike kwenye kadi yako ya C.